Paka anayekojoa ovyo huenda ana kisukari: Jinsi ya kumtunza nyumbani

Katika safu hii ya afya na usafi tumezoea kuzungumzia maradhi ya wanadamu: malaria, kipindupindu, shinikizo la damu, kisukari. Leo tunabaki kwenye kisukari hicho hicho, ila mgonjwa wetu ana miguu minne na mkia. Usicheke. Paka naye hupata kisukari, na nyumba nyingi huwa zinaye mgonjwa huyo bila kujua, zikidhani kwamba paka amekuwa mkorofi.

Nyumbani kwangu tulikuwa na paka dume aliyehasiwa, umri wake miaka tisa, uzito wake kilo saba. Kwa miaka yote hiyo alikuwa msafi, anajisaidia kwenye beseni lake la mchanga na kufukia. Ghafla akaanza kukojoa kwenye mkeka wa barazani, mara kwenye zulia la chumba tunachoswalia, na mwisho akaukojolea mswala wa mama mkwe. Wiki ya kwanza tulimfungia nje. Wiki ya pili jirani mmoja, mtu mwema tu, akashauri tumtie kwenye kapu tukamwachie soko la samaki, huko atakula vichwa vya samaki na hatatusumbua tena. Kapu lilishatafutwa. Aliyetuzuia ni mama mkwe mwenyewe, ambaye ni mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Aliona sisimizi wamejipanga pembezoni mwa lile doa la mkojo, akasema: "Jamani, huyu ana sukari kama mimi."

Alikuwa sahihi. Tuliyojifunza baada ya hapo, kwa daktari wa mifugo na kwa makosa yetu, ndiyo haya tunayokuletea leo.

NAJISI NI MKOJO, SI PAKA

Tuanze na jambo la usafi, kwa sababu ndilo linalofanya paka wengi wafukuzwe. Paka mwenyewe si najisi. Waislamu wengi wanakijua kisa cha Abu Qatada (r.a.), kilichomo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi. Mkwewe Kabsha alimwekea maji ya kutawadhia, paka akaja kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo ili paka anywe vizuri. Mkwewe aliposhangaa, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Hivyo mate yake na manyoya yake hayana tatizo.

Mkojo ni jambo jingine. Mkojo wa paka ni najisi na lazima uondolewe mahali pa kuswalia. Wahi kuufyonza kwa kitambaa au karatasi kabla haujakauka, kisha mimina maji safi juu ya doa na ufyonze tena, mpaka harufu na rangi viondoke. Kwa zulia zito tumia sabuni ya unga kidogo, halafu suuza. Kuna mambo mawili ya kuepuka. Usimwage dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kama Jik, juu ya mkojo ambao haujaoshwa, kwa sababu mkojo una amonia na vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na mapafu. Pili, dawa za kuua vijidudu za aina ya Dettol ni sumu kwa paka. Akikanyaga sakafu iliyopigwa dawa hiyo kisha akajilamba miguu, anaimeza.

Lakini hata ukiosha mara ishirini, kama chanzo ni ugonjwa, kesho ataukojolea mswala mwingine. Hapo ndipo tunapoingia kwenye ugonjwa wenyewe.

KISUKARI CHA PAKA NI KIPI?

Katika mwili wa paka, kama katika mwili wako, kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kongosho hutengeneza insulini, nayo insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli na viungo vingine. Insulini ikipungua, au mwili ukiacha kuitii, sukari hujazana kwenye damu huku mwili ukiwa na njaa. Paka wengi wana kisukari kinachofanana na kile cha watu wazima wanene: insulini ipo mwanzoni, lakini mwili hauisikii, na kongosho hufanya kazi mpaka linachoka.

Sukari ya paka mzima kwa kawaida huwa kati ya 4 na 8 hivi kwa kipimo kile kile kinachotumika hospitalini kwetu. Ikipita 14 hadi 16, figo haziwezi tena kuizuia, inamwagika kwenye mkojo, na sukari hiyo huvuta maji kwenda nayo. Ndiyo maana paka hukojoa sana, na kwa kuwa anakojoa sana anapatwa na kiu kali. Beseni lake la mchanga linajaa kabla hujalisafisha, naye paka hapendi kuingia kwenye beseni chafu. Basi anatafuta mahali pengine pakavu na laini. Zulia liko pale pale. Kadhalika mkojo wenye sukari huwapa vijidudu chakula, hivyo paka wengine hupata pia maambukizi ya njia ya mkojo, na maumivu hayo humfanya akojoe popote.

Wanaopata zaidi ni paka wanene, madume waliohasiwa, wanaokaa ndani bila kuwinda, na ambao umri wao umepita miaka saba. Aidha, paka aliyewahi kupigwa sindano za steroidi kwa ajili ya mwasho wa ngozi au pumu anaweza kupata kisukari kutokana na dawa hizo. Kama paka wako amepewa dawa za aina hiyo, mwambie daktari.

DALILI ZA KUTAZAMA

Kiu na mkojo mwingi tumeshavitaja. Kipimo chepesi ni hiki: mpimie maji kwa kikombe chenye alama asubuhi, na kesho yake asubuhi pima yaliyobaki. Paka anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana tatizo. Kwa paka wa kilo tano hiyo ni nusu lita. Kama ana njia ya kunywa ndooni au chooni, funga mlango siku hiyo, la sivyo kipimo hakina maana.

Dalili nyingine ni kukonda huku akila kwa pupa. Ukimpapasa mgongoni unaiona mifupa, lakini sahani inalambwa. Manyoya hukosa mng'aro na huacha kujilamba. Iko dalili moja ambayo watu wengi hudhani ni kuvunjika au kupigwa na mtoto: paka anatembea miguu ya nyuma ikiwa imelala, kisigino kinagusa chini, kama sungura. Hiyo ni neva za miguu zilizoathiriwa na sukari. Sukari ikidhibitiwa, mara nyingi miguu hurudi polepole, kwa wiki au miezi.

Dalili hizi zinafanana na za ugonjwa wa figo na za tezi la shingo, ambayo pia huwapata paka wazee. Kwa hiyo usimtibu kwa kukisia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu na mkojo. Na hapa kuna jambo la kujua: paka akiogopa, sukari yake hupanda hata kama hana kisukari. Safari ya kwenye kapu, honi za daladala na mbwa wanaobweka kliniki vinatosha kuipandisha. Daktari makini hatatoa hukumu kwa kipimo kimoja cha damu. Atatafuta sukari kwenye mkojo pia, au atapima fruktosamini, ambayo inaonyesha hali ya sukari ya wiki moja hadi mbili zilizopita.

INSULINI, NA SWALI LA NGURUWE

Paka wengi wenye kisukari huhitaji sindano ya insulini mara mbili kwa siku. Neno sindano linatisha, na ukweli ni kwamba sisi wenyewe tulikaa siku tatu tukitazamana nani ataanza. Sindano zenyewe ni nyembamba mno, na paka wengi hata hawageuki wakichomwa huku wanakula.

Ila kabla ya kununua, Muislamu ana haki ya kuuliza insulini hiyo imetoka wapi. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, Canada, na kwa miongo kadhaa ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Kuanzia mwaka 1982 ikapatikana insulini ya binadamu inayotengenezwa na vijidudu maabara, bila mnyama yeyote kuchinjwa. Insulini nyingi za watu leo ni za namna hiyo. Kwa upande wa wanyama, mambo hayakwenda hivyo moja kwa moja. Moja ya insulini za mifugo zinazojulikana sana, inayouzwa kwa jina la Caninsulin, inatokana na nguruwe. Sababu ni ya kisayansi: insulini ya nguruwe na ya mbwa ni sawasawa kabisa. Ya paka iko karibu zaidi na ya ng'ombe.

Habari njema ni kwamba mbadala upo, na kwa paka mbadala huo si wa kubahatisha. Insulini ya glajini, inayouzwa kwa ajili ya watu kwa jina la Lantus, hutengenezwa na bakteria, na madaktari wa mifugo sehemu nyingi duniani huitumia kwa paka kwa sababu inakwenda taratibu na kwa muda mrefu. Ipo pia ProZinc, ya wanyama, ambayo nayo haitokani na nguruwe. Mwambie daktari wako waziwazi: nataka isiyotokana na nguruwe. Hataona ajabu. Kama mahali ulipo hakuna nyingine kabisa, hilo la hukumu ya dharura mpelekee sheikh wako, safu hii haitoi fatwa.

Usichukue insulini ya mgonjwa aliyemo ndani ya nyumba ukampa paka. Mama mkwe alijitolea yake kwa moyo mweupe, lakini yake ilikuwa ya mchanganyiko, ambayo kwa paka huisha mapema na kuishusha sukari kwa ghafla. Vidonge vya kisukari vya watu navyo viache kabatini.

Miaka ya karibuni zimetoka dawa za kunywa kwa ajili ya paka. Marekani iliidhinisha Bexacat mwishoni mwa mwaka 2022, na Senvelgo mwaka 2023. Zinafanya figo zimwage sukari nje. Hazifai kwa kila paka: zimekusudiwa wale ambao hawajawahi kutumia insulini na ambao bado wana nguvu na wanakula, na zinahitaji daktari afuatilie damu kwa karibu. Kwetu huku si rahisi kuzipata, na wengi tutabaki na sindano.

KUPIMA DAWA KWENYE BOMBA

Hapa ndipo ajali kubwa zinapotokea, kwa hiyo soma polepole.

Insulini hupimwa kwa yuniti. Insulini za watu kwa kawaida zina yuniti 100 katika kila mililita moja. Insulini nyingi za wanyama zina yuniti 40. Kila moja ina bomba lake, na mabomba hayo yanafanana. Ukivuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40, alama moja unayoiona itakuwa yuniti mbili na nusu. Yaani umemzidishia paka dawa mara mbili na nusu, na hiyo inaweza kumuua. Ukifanya kinyume chake, utampa pungufu na utashangaa mbona haponi. Soma chupa, soma bomba, namba zilingane. Na mkienda duka la dawa kununua mabomba, nendeni na chupa mkononi.

Kiasi cha kuanzia hupangwa na daktari. Kwa kawaida huwa kidogo sana, yuniti 1 au 2 kwa paka mzima, si kwa kila kilo. Kipanda au kishuke kwa maagizo yake, na kwa vipimo vya siku kadhaa. Usiongeze dozi kwa sababu leo kakojoa tena.

Mpe chakula kwanza. Akiwa anakula, inua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili mpaka ijitenge kama hema dogo, ingiza sindano kwenye shina la hema hilo, sukuma, toa. Badilisha upande: leo asubuhi kulia, jioni kushoto. Angalia sindano isitokeze upande wa pili ukamwagia dawa kwenye manyoya. Ikitokea hivyo, au akiruka katikati ukawa huna hakika imeingia kiasi gani, usirudie. Kukosa dozi moja hakumdhuru sana. Kupata dozi mbili kunaweza kumtoa roho.

Sindano hutumika mara moja tu. Zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ile ya mafuta ya kupikia au ya Jik, uandike juu yake, na ikijaa uipeleke zahanati au kliniki wakaiteketeze. Usizitupe jalalani. Kuna vijana wanaookota chupa na vyuma kwa mikono mitupu, na kuna watoto wa mtaa wanaocheza daktari.

Chupa ya insulini hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda imekufa, itupe hata ikiyeyuka. Joto nalo huiua polepole. Umeme ukikatika siku nzima, iweke kwenye kopo kavu lililofungwa vizuri, kisha ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo, mahali penye kivuli na upepo. Mtungi haufiki ubaridi wa friji, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko juu ya kabati chini ya bati. Glajini ni angavu kama maji. Ukiona imekuwa na ukungu, usiitumie.

SAA ZA DAWA, NA MWEZI WA RAMADHANI

Sindano mbili zitengane kwa saa 12. Sisi wa karibu na ikweta tumerahisishiwa, kwani jua letu halihamihami sana. Nyumbani kwangu tulichagua saa 12 asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri, na saa 12 jioni, kabla ya adhana ya Magharibi. Kijana wetu wa darasa la sita ndiye aliyeandika kwenye daftari: tarehe, saa, amekula au la, yuniti ngapi, nani amechoma. Safu hiyo ya mwisho ni muhimu. Baba anachoma, anatoka, mama anaingia anaona paka anakula, naye anachoma. Bila daftari, hilo litatokea tu.

Ramadhani inapoingia, watu wengi hufikiri wamfuatishe paka daku na futari. Msifanye hivyo. Kutoka daku mpaka futari ni zaidi ya saa 13, na kutoka futari mpaka daku ni chini ya saa 11, kwa hiyo dawa zitakuwa mbali mchana na karibu usiku. Baki na saa 12 na saa 12. Ya jioni ndiyo ngumu, maana wakati huo jikoni kuna sambusa mafutani na kila mtu anatazama saa. Mpangieni mtu mmoja kazi hiyo kwa mwezi mzima. Ya asubuhi ina mtego wake: watu wakishaswali Alfajiri hurudi kulala, na paka hawezi kuzima saa ya kuamsha wala kuiwasha.

CHAKULA

Paka ni mla nyama. Mwili wake haukuumbwa kuhimili wanga mwingi. Sisi tunamchanganyia ugali na dagaa, wali na mchuzi, mkate na chai ya maziwa, kisha tunajisifu kwamba paka wetu anakula kama mtu. Kwa paka mwenye kisukari, huo ugali na wali ndio wa kuondoa kwanza.

Kinachofaa ni chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo. Chakula cha makopo cha paka, kile cha mnofu laini, mara nyingi kina wanga mdogo kuliko kile kikavu cha paketi. Kama makopo hayashikiki kwa bei, kuku wa kuchemsha, samaki wa kuchemsha asiye na miba, maini kidogo na mayai yaliyoiva vinasaidia, lakini mnofu mtupu kwa miezi mingi utampunguzia madini na virutubisho vingine, kwa hiyo panga na daktari namna ya kufidia. Usimpe mabaki ya mchuzi: kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Maziwa ya chai aache.

Mabadiliko ya chakula yaende polepole, na daktari ajue, kwa sababu wanga ukipungua mahitaji ya insulini nayo hushuka. Ukimwondolea ugali leo na kumwachia dozi ile ile, unaweza kumwangusha. Na paka mnene asishindishwe njaa ili akonde. Paka asiyekula siku mbili au tatu ini lake hujaa mafuta, na hilo ni gonjwa jingine la kufisha.

Watu wengi wametuuliza kuhusu habbat sauda, mlonge na mdalasini. Hatujaona cha kuchukua nafasi ya insulini kwa paka, na kumlazimisha ameze unga wa uchungu asubuhi kutakufanya umkose wakati wa sindano.

SUKARI IKISHUKA

Jambo la kumwogopesha mtunzaji zaidi si sukari kupanda. Ni kushuka. Kupanda kunaua kwa wiki, kushuka kunaua kwa saa. Hutokea paka akipewa dozi kubwa, akichomwa bila kula, au akitapika chakula baada ya sindano.

Ataanza kulegea, kutembea kama mlevi, kutetemeka, kukodoa macho asikuone. Akizidi atapata degedege. Kama bado ana fahamu na anameza, mpe chakula chake mara moja. Kama hataki au amelegea, chukua asali, kijiko cha chai kimoja, umpake kidogo kidogo kwenye ufizi na ndani ya shavu. Kama hakuna asali, sukari iliyokorogwa kwenye maji machache. Usimimine kooni kwa paka aliyezimia, itaingia kwenye mapafu, na usiweke kidole kati ya meno yake akiwa kwenye degedege. Akizinduka mlishe, kisha mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo hata kama anaonekana mzima, kwa sababu insulini bado ipo mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Kichupa kidogo cha asali kikae pamoja na sindano, na kila aliye nyumbani, hata dada wa kazi, ajue kilipo na cha nini.

Ndiyo maana kupima nyumbani kunasaidia sana. Mashine ile ile anayotumia mgonjwa wa kisukari inafaa. Pasha moto ukingo wa sikio kwa kitambaa chenye uvuguvugu, chomoa tone moja la damu pembeni, liguse na kijiti cha kupimia, kisha bana sikio kwa pamba. Mashine za watu mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka, kwa hiyo tumia mashine moja siku zote na umwonyeshe daktari namba zake. Muulize mapema ni namba ipi ukiiona kabla ya sindano usichome. Madaktari wengi huwataka wanaoanza wasichome ikiwa chini ya 10 au 11 mpaka wawasiliane nao. Asipokula kabisa, vilevile: usichome dozi kamili, piga simu kwanza.

Upande wa pili, paka mwenye sukari ya juu akianza kutapika, kukataa chakula, kulala bila kuinuka, au pumzi yake kutoa harufu tamu ya ajabu, hiyo ni sumu ya ketoni kwenye damu. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Ni kliniki, usiku au mchana, atundikiwe maji.

Na paka wa kisukari akionekana ana homa au maumivu, usimpe Panadol. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka, awe na kisukari au asiwe nacho.

GHARAMA, NA LILE KAPU

Tusidanganyane. Insulini, mabomba, vijiti vya kupimia na safari za kliniki ni pesa, na kuna nyumba ambazo mwenye kisukari wa kibinadamu mwenyewe anabahatisha dawa yake. Mtu huyo ana haki ya kutangulia. Ila chupa moja ya glajini ina yuniti 1,000, na paka anayechomwa yuniti 2 kwa siku hatamaliza hata robo kabla muda wake haujapita. Maelezo ya dawa kwa watu yanataja siku 28 baada ya kufunguliwa. Kuna nyumba mbili zenye paka wagonjwa tunazozijua zilizogawana kalamu za glajini, kila moja ikachukua zake zikiwa hazijafunguliwa, na bei ikawa nusu. Mwambie daktari uwezo wako tangu siku ya kwanza, akupangie kwa uwezo huo: chakula kwanza, sindano, vipimo vichache vya lazima.

Lakini kumpeleka sokoni kwenye kapu, hapana. Paka huyo ana kiu isiyokatika, soko halina maji ya kunywa, miguu yake ya nyuma haimbebi, na paka wa soko hawampi nafasi. Atakauka kwa siku chache. Waislamu tunajua kilichosimuliwa juu ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, na malipo yake. Kama nyumba imeshindwa kabisa, mtafute daktari na mtu mwenye elimu ya dini mkae pamoja juu ya njia isiyomtesa, au mtafute anayeweza kumchukua na kumtibu.

JE, ATAPONA?

Tofauti na mbwa, na tofauti na watu wengi, baadhi ya paka hufika mahali ambapo sindano hazihitajiki tena. Hutokea zaidi kwa wale waliogunduliwa mapema, waliodhibitiwa vizuri katika miezi ya kwanza, wakapunguzwa uzito na kuondolewa wanga. Huwezi kuahidiwa. Paka wetu alifika kwenye mwezi wa nne: namba zikaanza kuwa 6, 5, halafu asubuhi moja 4 kabla ya sindano. Tulimpigia daktari, akatuambia tusichome. Akapunguza, akapunguza tena, mwisho akasimamisha.

Paka wa namna hiyo hajaachana na kisukari. Kinaweza kurudi wakati wowote, hasa akirudishiwa ugali, akinenepa, au akipigwa sindano ya steroidi. Chakula chake hakibadiliki, sikio linapimwa mara moja kwa wiki, na maji ya kikombe yanapimwa kila mwezi. Mama mkwe huwa anapima yake na ya paka siku moja, Ijumaa asubuhi, kwa mashine moja lakini kila mmoja na sindano yake, na ndiye sasa anayelishika lile daftari.